Blow Up: Kitenzi Kinachojaza Puto na Kubomoa Daraja

Tuanze na zoezi dogo. Soma sentensi hizi tano za Kiingereza, kisha zitafsiri kichwani kabla hujaendelea:

1. The soldiers blew up the bridge.
2. She blew up twenty balloons.
3. Please blow up this photo.
4. My boss blew up at me.
5. His song blew up last year.

Umemaliza? Kama umezipata zote, basi umetumia vitenzi vitano tofauti vya Kiswahili: askari walilipua daraja, dada alijaza upepo maputo ishirini, picha ikuzwe, bosi aliniwakia, na wimbo wa jamaa ulishika chati. Kwa upande wa Kiingereza hakuna kilichobadilika. Ni yale yale maneno mawili madogo: "blow", yaani puliza au vuma, na "up", yaani juu.

Sasa swali. Kupuliza na juu vimekutanaje hadi daraja likaanguka chini? Na imekuwaje neno la kuangamiza mali na watu likatumika pia kwa sherehe ya mtoto? Ukifuatilia jibu utapita kwenye baruti, kwenye majumba ya maigizo ya Warumi, kwenye hesabu ambazo hazijatatuliwa, na hata mahakamani. Twende taratibu.

Vitenzi vinavyowatesa wageni

Waingereza huviita vitenzi vya aina hii "phrasal verbs". Sisi tuviite vitenzi vya maneno mawili: kitenzi cha kawaida kinafuatwa na kijineno cha mahali au mwelekeo kama up, down, out, off au over, na vikishaungana vinazaa maana ambayo huwezi kuijua kwa kujumlisha maneno hayo mawili. Jina "phrasal verb" lenyewe si la zamani. Lilichapishwa mwaka 1925 katika kitabu cha Logan Pearsall Smith, ambaye alisema alipewa jina hilo na Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford.

Tatizo ndilo la zamani. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake maarufu mwaka 1755, alieleza kwenye utangulizi kwamba jambo hili huwapa wageni shida kubwa kuliko mengine, akajitahidi kuorodhesha vitenzi hivyo kadiri alivyoweza. Kwa hiyo kama ulipata alama ndogo kwenye mtihani kwa sababu ya "blow out", "blow over" na "blow off", usijilaumu sana. Mtunga kamusi alikwisha kukuonea huruma zaidi ya miaka 250 iliyopita.

Angalia jinsi kijineno kimoja kinavyogeuza mambo. "Blow out" ni kuzima mshumaa kwa kupuliza, na kwa dereva ni tairi kupasuka ghafla barabarani. "Blow down" ni upepo kuangusha mti. "Blow over" ni fujo kupita na mambo kutulia. Kote humo pumzi au upepo bado unaonekana ukitazama vizuri. Kwenye "blow up" umejificha, lakini upo.

Kwanza, "blow" ni ipi?

Hapa kuna mtego wa kwanza. Kiingereza cha leo kina "blow" tatu zinazoandikwa na kutamkwa sawa, lakini hazina uhusiano wa moja kwa moja.

Ya kwanza ni ya upepo na pumzi. Katika Kiingereza cha kale iliandikwa blāwan. Ya pili ni ya maua, blōwan, yaani kuchanua. Hii imekaribia kufa, ila imebaki kwenye neno "full-blown". Magazeti yakiandika "full-blown crisis", wengi hudhani ni mgogoro uliovumishwa na upepo. Kumbe picha ya asili ni ua lililochanua likafika mwisho. Ya tatu ni nomino: "a blow", yaani pigo, ngumi. Hii inaonekana katika maandishi ya karne ya 15, na asili yake haijulikani vizuri.

Ukiambiwa "blow up" inatokana na pigo, kwa kuwa bomu nalo "linapiga", usikubali. Kitenzi chetu ni cha upepo.

Na kina ukoo mpana. Wataalamu wa historia ya lugha wamegundua kwamba sauti "b" katika lugha za upande wa Kiingereza na Kijerumani mara nyingi inalingana na "f" ya Kilatini, kwa sababu zote zimetoka kwenye sauti moja ya lugha mama ya kale. Ndiyo maana "brother" ina ndugu yake "frater". Kwa kanuni hiyo hiyo, "blow" ina ndugu wa Kilatini: flare, kupuliza. Kutoka kwa flare Kiingereza kilichukua "inflate", kujaza upepo, na "inflation". Hilo la mwisho unalisikia kila mwezi kwenye taarifa za uchumi, isipokuwa sisi tunaliita mfumuko wa bei. Wao wanaona bei zimejazwa upepo kama puto, sisi tunaziona zikifumuka. Picha hizo hazikai mbali sana.

Pili, "up" inafanya nini pale?

Kazi ya kwanza ya "up" ni ile uliyofundishwa shuleni: juu. Lakini ina kazi ya pili ambayo haifundishwi sana, nayo ni kuonyesha kwamba tendo limefika mwisho, limekamilika, halikubakiza kitu. "Eat your food" ni kula chakula chako. "Eat up your food" ni kula ukimalize. "Use" ni kutumia, "use up" ni kutumia hadi kikaisha. "Burn" ni kuungua, "burn up" ni kuteketea.

Hapo hapo kuna kituko ambacho walimu wa Kiingereza hukipenda: nyumba ikiteketea unaweza kusema "it burned up" au "it burned down". Juu na chini, maana karibu moja! Siri ni kwamba "down" inatazama umbo la kitu: nyumba ilikuwa imesimama, sasa imelala. "Up" inatazama tendo: moto umemaliza kazi. Karatasi inaweza "burn up", lakini ni nadra kusikia "burn down" kwa karatasi, kwa sababu haikuwa imesimama.

Usidhani ni wazimu wa Kiingereza peke yake. Kiswahili kina ufundi wa namna hiyo, ila sisi tunatumia mnyambuliko na neno "mbali". Kutupa ni kutupa tu. Kutupilia mbali ni kutupa moja kwa moja, hakuna kurudi. Kupotea kuna kupatikana, lakini "potelea mbali" hakuna tumaini. Kuua kunatisha, "kuulia mbali" kunatisha zaidi. Hakuna umbali wowote unaopimwa hapo. "Mbali" limeacha kazi ya kutaja mahali likachukua kazi ya kusema "kabisa". Mwingereza anayejifunza Kiswahili atauliza: mbali wapi? Nawe utamjibu kama yeye anavyokujibu kuhusu "up".

Kwa hiyo "up" ya "blow up" inabeba vyote viwili, juu na kabisa. Ili kuona ni kwa nini, inabidi tuende vitani.

Baruti ilivyokutanisha pumzi na juu

Maana ya kwanza ya "blow up" haikuwa ya kuangamiza. Tangu karne ya 15 hivi ilikuwa na maana ya kujaza hewa, kuvimbisha. Kibofu cha mnyama kikipulizwa, kinavimba. Basi. Maana ya kulipua inaanza kuonekana mwishoni mwa karne ya 16, wakati baruti ilipokuwa imekwisha kubadilisha vita vya Ulaya.

Baruti ni ugunduzi wa Wachina wa karne ya 9 hivi. Ni mchanganyiko wa vitu vitatu: chumvi ya naitreti, mkaa na salfa, na kipimo kilichozoeleka baadaye ni asilimia 75, 15 na 10. Mkaa na salfa ni kuni. Naitreti inabeba oksijeni, kwa hiyo mchanganyiko hauhitaji kusubiri hewa ya nje ili uungue. Ukiuwasha sehemu ya wazi unawaka kwa kishindo kidogo na moshi mwingi. Ukiuwasha ndani ya pipa lililofungwa au kwenye shimo lililozibwa, ni habari nyingine: yabisi inageuka ghafla kuwa gesi moto inayotaka nafasi kubwa mno kuliko iliyokuwepo. Gesi haina pa kwenda. Inasukuma kuta mpaka zinaachia.

Sasa jiweke mahali pa askari wa zama hizo. Hujui kemia ya gesi. Unachokiona ni kitu kinavimba kwa nguvu kutoka ndani, kama mtu amepuliza pumzi kubwa isiyo na kifani, halafu kila kitu kinarushwa. "Blow" hapo si tamathali ya mbali. Mlipuko ni upepo, upepo uliotengenezwa kwa sekunde moja.

Na "juu"? Njia mojawapo ya kubomoa ngome ilikuwa kuchimba handaki hadi chini ya ukuta, kujaza baruti, kuziba na kuwasha. Mwaka 1503 Wahispania waliteka ngome za Naples, Italia, kwa mbinu hiyo, chini ya mhandisi Pedro Navarro. Nguvu ikitoka chini ya ardhi, njia rahisi ya kutokea ni kwenda juu. Ukuta haukuanguka kwanza; ulipaa kwanza. Mtu aliyeona akasema kweli tupu: it was blown up. Ulipulizwa juu.

Tukio lililoweka picha hiyo kwenye vichwa vya Waingereza wote ni la Novemba 5, 1605. Usiku wa kuamkia siku hiyo Guy Fawkes alikamatwa chini ya Bunge la Mabwana jijini London akilinda mapipa 36 ya baruti. Mpango ulikuwa kumlipua Mfalme James wa Kwanza pamoja na bunge lake siku ya ufunguzi. Mpango ulishindwa, lakini hadi leo Waingereza huwasha mioto na fataki kila Novemba 5. Kizazi baada ya kizazi cha watoto kimejifunza maana ya "blow up" kwa hadithi hiyo.

Utauliza: mbona hawakusema tu "explode", neno lililonyooka? Kwa sababu wakati huo "explode" ilikuwa na kazi tofauti kabisa. Imetoka Kilatini, explodere: "ex" ni nje, na "plaudere" ni kupiga makofi, mzizi ule ule wa "applaud". Warumi walikuwa wakimchoka mwigizaji mbovu, wanapiga makofi na kelele hadi anatoka jukwaani. Huko ndiko "ku-explode" kulikoanzia: kumzomea mtu mpaka aondoke. Kiingereza kililichukua kwa maana ya kukataa jambo kwa dharau, na bado utasikia msemo "exploded theory", nadharia iliyokwisha kukataliwa. Maana ya kupasuka kwa kishindo ilikuja kuzoeleka karne ya 18. Kwa hiyo mwaka 1605 neno la bomu lilikuwa "blow up", na neno ambalo leo tunalidhani ndilo rasmi lilikuwa la watazamaji wenye hasira.

Matawi yalivyoenea

Maana mbili zikishakaa ndani ya neno moja, kuvimba na kulipuka, zilizobaki ni matawi.

Tawi la kuvimba linatupa puto na tairi la baiskeli, na katika karne ya 20 likatupa picha: kukuza picha ndogo iwe kubwa ni kuivimbisha. Mwaka 1966 mwongozaji filamu wa Kiitaliano Michelangelo Antonioni alitoa filamu iitwayo Blow-Up, iliyopigwa London. Ni habari ya mpigapicha anayekuza picha alizopiga bustanini, akazikuza tena na tena, hadi akadhani ameona mauaji ndani yake. Hakuna bomu hata moja kwenye jina hilo. Ni kazi ya chumba cha giza.

Tawi la kulipuka linatupa hasira. "He blew up at me" ni kuniwakia, kunifokea ghafla. Lilitupa pia mipango iliyoharibika: jambo likikugeuka "it blows up in your face", linakulipukia usoni, kama mtegaji aliyetegwa na baruti yake.

Kisha kuna tawi jipya linaloshangaza, la sifa njema. Msanii "akiblow up" amepata umaarufu kwa kasi. Simu "ikiblow up" inamiminika ujumbe na miito. Hapa maana zote mbili zinakutana: jina limevimba, na limevimba kwa ghafla. Kwenye Bongo Fleva tumezoea kusema msanii "ametoka", eti "alitoka na wimbo fulani". Wao wanaona mlipuko, sisi tunaona mtu ametokeza gizani. Jambo ni lile lile.

Na usisahau maana ya kawaida kabisa ya hali ya hewa: "a storm blew up", dhoruba iliibuka. Hapo hakuna aliyelipua chochote.

Hesabu nazo hulipuka

Wanahisabati wamelichukua neno hili na kulipa maana kali inayopimika. Wakisema jibu la mlinganyo "blows up", wanamaanisha thamani yake inakwenda kwenye ukomo usiohesabika ndani ya muda wenye kikomo. Si kukua haraka tu. Ni kukua hadi saa fulani hesabu inakatika.

Linganisha mifano miwili. Wa kwanza: kitu kinakua kwa kasi iliyo sawa na kiasi kilichopo. Kikiwa 1, kasi ni 1. Kikiwa 10, kasi ni 10. Kinakua vibaya sana, lakini ukichagua saa yoyote, kesho au mwaka kesho, utapata namba halisi. Hakilipuki.

Wa pili: kasi ni sawa na mraba wa kiasi kilichopo. Kikiwa 10, kasi ni 100. Anza na 1 wakati wa sifuri. Muda ukifika 0.5, kiasi ni 2. Muda ukifika 0.9, kiasi ni 10. Kwenye 0.99 ni 100, na kwenye 0.999 ni 1,000. Kwenye 1 kamili? Hakuna namba. Jibu limelipuka, na baada ya hapo mlinganyo hauna cha kukuambia.

Swali hili si mchezo. Milinganyo ya Navier–Stokes, inayoeleza mwendo wa maji na hewa, hutumika kutabiri hali ya hewa na kubuni ndege. Je, ukianza na mwendo laini kabisa katika nafasi ya pande tatu, jibu litabaki laini milele, au linaweza kulipuka? Taasisi ya Hisabati ya Clay ya Marekani ililiweka swali hilo mwaka 2000 kwenye orodha ya matatizo saba, kila moja likiwa na zawadi ya dola milioni 1. Bado linasubiri mtu. Labda ni wewe.

Kiswahili nacho kina "kulipua" kwake

Kabla hatujawacheka Waingereza, tutazame kitenzi chetu. Kwanza, tuna faida moja. Kiswahili kinatofautisha aliyefanya na kilichotokea: lipua na lipuka. "The truck blew up" na "they blew up the truck" kwa Kiingereza hutumia kitenzi kile kile. Sisi lori lililipuka, wao walililipua. Mwanzo tu wa sentensi unajua kama kuna wa kukamatwa. Hata baruti yenyewe tuliipa jina la kusafiri baharini: neno hilo lina ndugu zake katika Kiarabu, Kituruki na Kihindi.

Lakini nasi tumelisambaza neno. Mtu hulipuka kwa hasira, sawa na Kiingereza. Kisha kuna "mlipuko wa kipindupindu". Hapa angalia sana ukiwa unaandika ripoti: kwa Kiingereza huo si "explosion" wala "blow-up", ni "outbreak". Ukikosea kwenye taarifa ya dharura, msomaji wa nje anaweza kubaki na picha isiyo sahihi wakati watu wanahitaji dawa na maji safi.

Na kuna ile ya mafundi: "fundi amelipua kazi". Ukuta umepinda, rangi imepakwa juu ya vumbi, na hela ameshachukua. Huko kulipua ni kufanya haraka haraka bila umakini. Mjaribu mgeni: mwambie "mafundi wamelipua nyumba yangu" uone kama hatapiga simu polisi. Ndivyo nasi tunavyoonekana tukitafsiri "blow up" neno kwa neno.

Neno linapokupeleka mahakamani

Na polisi kweli huwa wanapigiwa. Januari 2010 kijana wa Kiingereza, Paul Chambers, alikuwa na safari ya ndege kwenda Belfast. Theluji ikafunga uwanja wa ndege wa Robin Hood, karibu na Doncaster. Kwa kukereka akaandika Twitter kwamba uwanja una wiki moja na kidogo kujirekebisha, la sivyo ataulipua hadi mawinguni. Alitumia kitenzi hicho hicho, "blow", safari hii pamoja na "sky high". Kwa wafuasi wake ulikuwa mzaha wa mtu aliyechoshwa na theluji.

Siku kadhaa baadaye mfanyakazi wa uwanja akauona ujumbe. Uwanja wenyewe haukuuona kuwa tishio la kweli, lakini taarifa ilifika polisi. Chambers alikamatwa. Mei 2010 alitiwa hatiani kwa kutuma ujumbe wa kutishia, akatozwa faini ya pauni 385 na gharama za kesi juu yake, na akapoteza kazi. Rufaa ya kwanza akashindwa. Ni Julai 2012 tu Mahakama Kuu ilipoifuta hukumu, ikiona kwamba maneno yale, kwa namna yalivyosemwa na mahali yaliposemwa, hayakuwa tishio. Miaka miwili na nusu ya maisha, kwa sababu ya kitenzi.

Chambers alizaliwa ndani ya Kiingereza na bado yalimkuta. Sasa fikiria mwanafunzi kutoka Mwanza au Mombasa aliyepo kwenye foleni ya ukaguzi, anamwambia rafiki yake kwa utani kuhusu kitu "kitakachoblow up". Mashine na wakaguzi hawasikii sauti ya utani, wanasikia maneno. Nasi nyumbani magazeti ya michezo hutuzoesha timu "kuua" na "kuchinja" nyingine mabao manne, na hakuna anayeshtuka kwa sababu tunajua tuko uwanjani. Ukitoka nje ya uwanja huo, maneno hubaki peke yake.

Namna ya kulisoma

Kwa hiyo ukikutana na "blow up", usikimbilie kamusi. Jiulize maswali matatu.

Kwanza, ni nini kinachofanyiwa? Puto, tairi na godoro la upepo hujazwa. Picha na ramani hukuzwa. Daraja, gari na jengo hulipuliwa. Kitu kinachofuata ndicho kinachochagua maana.

Pili, kuna "at" na mtu baada yake? Basi ni hasira, na huenda hakuna moto wowote.

Tatu, je, "up" inaweza kuhama? Tazama sentensi mbili: "The wind blew up the hill" na "The soldiers blew up the hill". Zinafanana kama mapacha. Ya kwanza, upepo ulivuma kupanda kilima, na "up" imeshikamana na kilima. Ya pili, askari walilipua kilima, na "up" imeshikamana na kitenzi. Kipimo ni kuweka "it": unaweza kusema "the soldiers blew it up", lakini ukisema "the wind blew it up" umeshabadilisha habari. Na kumbuka ni "blew it up", kamwe si "blew up it".

Usidhani sentensi ya askari na kilima ni ya kubuni. Juni 7, 1917, kabla ya mapambazuko, Waingereza walilipua mabomu 19 waliyoyafukia kwenye mahandaki chini ya mgongo wa vilima vya Messines, Ubelgiji. Vilipuzi vilikuwa zaidi ya tani 400, na maelfu ya Wajerumani walikuwa juu yake. Ardhi ilipaa kwanza, kisha ikarudi chini. Mashimo yake mengine leo ni mabwawa ya maji, na ukisimama kando yake huna haja ya mwalimu kukueleza "up" imetoka wapi.